MTOTO SI NGAWIRA YA TALAKA

Boti zing'oapo nanga katika bandari ya Malindi, Unguja, kuelekea Dar es Salaam, huchukua wafanyabiashara, wagonjwa, wanafunzi na watumishi wa serikali. Miongoni mwa abiria hao huweza kuwamo mtoto aliyeshikwa mkono na mzazi mmoja, ilhali mzazi wa pili hana habari. Safari ya saa mbili hivi yatosha kumtenga mtoto huyo na mwalimu wake, jirani zake na sheha anayeijua nyumba yao.

Kitendo hicho hakina budi kulaaniwa, awe amekifanya baba au mama. Talaka huvunja ndoa, haivunji uzazi. Mzazi anayemtorosha mtoto kabla ya shauri kukatwa hamwokoi. Anamgeuza ngawira.

Chanzo kimoja cha magomvi haya ni kuchanganya mambo matatu. La kwanza ni ulezi, ambao wanazuoni huuita hadhana: nani akae na mtoto na kumtazama kila siku. La pili ni uwalii, yaani dhamana ya mambo yake makubwa, kama vile mali na ndoa. La tatu ni matunzo, yaani chakula, mavazi na gharama nyinginezo. Kwa madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu walio wengi Visiwani, mama hutangulizwa katika ulezi hadi mtoto afikie umri wa kupambanua mambo, yapata miaka 7. Baadaye mtoto hupewa nafasi ya kuchagua. Mama akiolewa na mtu asiye jamaa wa mtoto, haki hiyo yaweza kumtoka. Lakini hata mtoto akaapo kwa mama, baba hubaki kuwa walii, na matunzo humlazimu.

Kwa hiyo, baba anayezuia matumizi kwa kuwa hakupewa mtoto amepotoka. Vile vile amepotoka mama anayemzuia baba asimwone mwanawe kwa kuwa matumizi hayakuletwa. Wote wawili humtoza mtoto deni asilolikopa.

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, imeweka maslahi ya mtoto mbele na kumpa haki ya kusikilizwa. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo haitumiki Zanzibar, huchukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 afaa kukaa na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Tena humtaka hakimu azingatie madhara ya kumhamishahamisha mtoto. Sheria ni mbili, lakini shabaha ni moja. Swali kubwa si nani kati ya wazazi aliyemkosea mwenziwe, bali ni wapi mtoto atatulia. Anayevuka bahari akitumaini kukuta sheria ya kumpendelea anajidanganya.

Walimu na watumishi wa serikali wanayo sehemu yao. Mwalimu ndiye wa kwanza kuona mtoto akisinzia darasani, akikosa daftari, au akilia saa ya kurudi nyumbani. Ni wajibu wake kutunza vyema daftari la mahudhurio, kutomkabidhi mtoto kwa mtu asiyejulikana skulini, na kusema kweli aitwapo mahakamani, bila ya kuegemea upande wa mzazi aliye rafiki yake. Sheha atoaye barua aandike alichokiona, si alichoombwa. Mtumishi aliyepewa uhamisho wa kwenda Pemba au Bara, naye ana shauri la mtoto, aiarifu mahakama kabla ya kufunga mizigo.

Wazazi nao wapunguze maneno. Mtoto anayefundishwa kumchukia baba au mama yake hufundishwa kujichukia nusu ya nafsi yake. Anayetoa matunzo aweke stakabadhi; anayepokea akiri kupokea. Wasipopatana, waende kwa afisa wa ustawi wa jamii, kwa kadhi au kwa hakimu, na hukumu ikishatolewa iheshimiwe.

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Tembo wa kisa hiki walikula kiapo cha kulea. Njia ya haki kwao inapita mahakamani, haipiti gatini Malindi alfajiri.