Kikasha cha penseli: mimi nasema zipu itoke

Mwenzenu nipo, ila somo la usanifu limenibana koo. Tumepewa kazi ya kikundi: watu watano, mbuni kitu kimoja kidogo cha mkononi, mkitengeneze kweli, kisha mkisimamie mbele ya darasa. Jirani zetu wana mashine ya kupukuchua mahindi. Wengine wana jiko la pumba za mpunga. Sisi tumeangukia kikasha cha kubebea penseli mfukoni. Chekeni tu, nimezoea. Lakini wiki nzima tumegombana kwa kikasha hicho kuliko wale wa jiko na moshi wao, na kesho tunapiga kura. Leo natoa la moyoni kabla sijazidiwa kwa wingi.

Wenzangu watatu wanataka kikasha cha plastiki kilichotolewa kwenye printa ya 3D, kifuniko cha kufunguka kama sanduku, jina la kundi limechorwa juu. Mimi na dada mmoja tunataka ngozi nje, paipu ndani, bila zipu, bila kifungo, bila bawaba. Wanatuita wazee.

Sasa jamani, kabla hujabuni nyumba ya kitu, ujue kitu chenyewe kinakufaje. Penseli ya mfukoni ina vifo vitatu. Cha kwanza kila mtu anakijua, ncha kugonga chini na kukatika. Cha pili ni cha siri: penseli imeanguka sakafuni, kwa nje nzima kabisa, kumbe kiini kimepasuka vipande ndani ya mti. Unachonga, ncha inachomoka nzima kama jino la mtoto. Unachonga tena, inachomoka tena, hadi penseli inaisha kwenye kichongeo badala ya kuishia kwenye karatasi. Cha tatu ni kukalia. Mfuko wa nyuma, daladala, konda anasema sogeeni nyuma, unakaa, paah.

Kwa nini kiini ni dhaifu hivyo? Kwanza jina lenyewe linatudanganya. Tunasema kalamu ya risasi, na humo ndani hamna risasi hata chembe. Ni grafiti (ile ile iliyopo Mahenge kule Ulanga) iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa tanuruni, njia ambayo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliipatia hataza mwaka 1795. Udongo ukizidi unapata 2H na 4H, ngumu. Grafiti ikizidi unapata 2B na 4B, laini na nyeusi. Kwa hiyo ndani ya mti kuna kitu ndugu yake chungu cha kupikia. Kinavumilia kukandamizwa, hakivumilii kupindwa wala kugongwa. Na nani anakwenda sokoni na chungu ndani ya mfuko wa kitambaa laini?

Ndiyo maana vile vikasha vya kitambaa vyenye zipu nawahurumia wanaovinunua. Penseli zinalala humo pamoja na bikari, kifutio, funguo na chenji ya nauli, zinagongana mchana kutwa. Halafu zipu yenyewe. Mara nyingi meno hayana kosa, kinacholegea ni kile kichwa kinachopanda na kushuka, mdomo wake unapanuka kidogo kidogo mpaka meno hayashikani tena. Fundi anakibana kwa koleo, kinakwenda siku kadhaa, kinarudi kule kule. Kikasha kizima kinatupwa kwa sababu ya kipande cha bati kidogo kuliko kucha.

Mkebe wa shule ya msingi ulikuwa na akili zaidi, nakiri. Bati, hakuna cha kupinda. Ila ni mpana mno kwa mfuko, na humo ndani penseli hazishikwi na kitu, ukitembea unasikika kama kayamba.

Turudi kwa wale watatu na printa yao. Sina ugomvi na printa, kwa kujaribu vipimo haina mpinzani, leo unachora, kesho unashika mkononi. Lakini plastiki ambayo wengi wanachapia, PLA, inaanza kulainika ikifika nyuzi 60 hivi. Iache juu ya dashibodi ya gari lililofungwa vioo, jua la Dar la mwezi wa pili, uone itakavyopinda. Pili, bawaba nyembamba ya PLA haipendi kukunjwa kunjwa, inakatika. Ipo plastiki inayofaa kwa bawaba, polipropilini, ile ya vifuniko vya chupa za shampuu, hiyo unaikunja maelfu ya mara. Ila ili ukitoe kikasha cha namna hiyo kwa wingi unahitaji kalibu ya chuma na mashine ya kusindilia plastiki ya moto, na sisi ni wanafunzi watano wenye daftari moja la matumizi. Tatu, na hili ndilo hasa linalonifanya nisikubali: kikikatika, nani atakitengeneza? Hakuna. Kinachapwa kingine. Mnaita hiyo kudumu?

Mimi kwangu kitu kinadumu pale ambapo fundi viatu aliyekaa chini ya mwembe, mwenye msharasi, uzi na kipande cha nta, anaweza kukirudisha kazini ndani ya dakika kumi. Nguvu ya malighafi inakuja baadaye. Hicho ndicho kipimo ninachotaka kiandikwe ukurasa wa kwanza wa ripoti yetu.

Na mfano tunao siku nyingi tu. Tazama ala ya sime ya Mmasai. Ndani mti, nje ngozi. Haina zipu, haina kifungo, sime inashikwa kwa kubanwa tu na haichomoki ovyo mwenyewe akitembea. Yule anatembea na chuma chenye makali kiunoni miaka nenda rudi, na sisi wasomi tunashindwa na penseli!

Kwa hiyo chetu kinakwenda hivi. Unachukua paipu nyeupe ya kupitishia waya za umeme ukutani, ile ya milimita 25. Unakata kipande kwa msumeno wa chuma, unakitia kwenye maji yanayochemka. PVC inalainika kwenye nyuzi 80 hivi, kwa hiyo maji yanatosha, moto wa moja kwa moja hapana, utaiunguza na moshi wake ni sumu. Ikishalegea unaingiza kipande cha mbao ulichokichonga bapa, unabana kati ya mbao mbili, unamwagia maji ya baridi. Duara linakuwa bapa. Nilipiga hesabu ya mzunguko: ndani unabaki na upana wa takriban milimita 27 na unene wa 11. Penseli moja ina milimita saba na kitu, tatu zikilala ubavu kwa ubavu zinakula kama 23. Zinaenea, na kikasha hakiviringiki tena. Wale wa kuchora kwenye ubao ulioinama wananielewa hapo, duara likiwekwa juu linakwenda zake.

Chini ya paipu unaziba kwa ngozi yenye tundu dogo, ili unga wa grafiti, mchanga wa Kunduchi na maji ya masika vipate pa kutokea. Halafu ile sehemu ninayojivunia zaidi: ndala. Kata sponji ya ndala iliyokufa, kipande cha unene wake wote, umbo la paipu, toboa matundu matatu madogo kidogo kuliko penseli, kisha kisukume mpaka katikati ya paipu. Penseli inapenya kwa kubanwa, inashikwa kiunoni, ncha inabaki inaning'inia sentimita moja juu ya sakafu ya kikasha. Kikianguka, sponji inakula mshindo. Sponji ikichoka unaing'oa unaweka nyingine, na ndala zilizokufa hosteli hazijawahi kuadimika.

Nje ni ngozi, mfuko wa chini na kofia ya juu inayoshuka sentimita nne na kubana, kama ala. Ishonwe ikiwa imeloweshwa, ikaukie juu ya paipu, itashika umbo lake. Ngozi iwe ile iliyolainishwa kwa dawa ya maganda ya miti, hiyo ndiyo inayokubali kuumbwa kwa maji. Mshono uwe wa sindano mbili, nyuzi zikipishana kwenye kila tundu, maana uzi mmoja ukikatika mwingine bado umeshika. Na mshono ulale ndani ya mfereji uliokwaruzwa kwa msharasi ili mfuko wa suruali usiusugue. Halafu nta ya nyuki, la sivyo unyevu wa Dar utakuotesha ukungu kabla ya mtihani wa kwanza.

Urefu ndio umetuchelewesha hata sisi wawili tulio upande mmoja. Penseli mpya ina sentimita 17 na nusu. Ukijenga kikasha cha kuilaza nzima utapata kitu cha sentimita 19, kigumu, mfuko wa mbele, halafu kaa kwenye daladala uone kinakokuchoma. Dada akaongeza kwamba suruali nyingi za kina dada mfuko unaishia kwenye kiungo cha pili cha kidole, nani aliyetuambia mfuko ni mfuko wa mwanaume? Akanimaliza. Tukaamua kikasha kiwe cha sentimita 14 kwa nje, kikae mfuko wa shati, wa ovaroli au wa koti la karakana, na penseli inayoingia humo isizidi 12. Ikiwa mpya inakaa mezani chumbani, ikifupika ndiyo inaanza safari. Wale watatu wanasema hii ni kumpangia mtumiaji maisha. Ni kweli, kidogo. Lakini hata Faber-Castell wana penseli yao fupi yenye kofia ya kulinda ncha na kichongeo ndani ya kofia, na hakuna anayewalaumu.

Kuna mmoja wao kasema kikasha chetu kitaonekana kama kitu cha kuuzia watalii Mwenge, kwamba mwalimu atauliza uhandisi uko wapi. Uko kwenye mzunguko wa paipu, uko kwenye nyuzi 80, uko kwenye sponji inayoshika kiuno badala ya ncha. Kama mwalimu anautaka uhandisi unaotoa mlio wa umeme, basi marks zitapungua na nitazibeba. Ila mwaka wa kwanza wanaanza michoro ya mkono, 2H na HB, na wengi wao hela ya penseli inatoka kwenye hela ya chai. Wao wapewe cha kuchapwa upya kila kikikatika?

Kipande cha paipu chenye sponji, bado hakijavaa ngozi, kiko mfukoni mwangu siku ya tisa leo. Kimeanguka mara nne ninazozikumbuka, moja kutoka ghorofani kwenye ngazi. Nyufa moja kwenye mdomo wa paipu, nimeilainisha kwa msasa. Ncha zote tatu zipo.

Kura ni kesho saa nne asubuhi, tuko wawili kwa watatu, na mmoja wa wale watatu nimemuona akikiangalia kipande changu kwa jicho la kutamani. Mwenye ndala iliyokatika, mguu wowote, rangi yoyote, aniletee chumbani. Asiniletee zile nyembamba za bafuni, hazishiki.