Mambo ya Nyumbani: Nguo Iliyolala Sandukuni

Mwezi huu wa Juni uwele na mtama vinaingia vihengeni, alizeti inapurwa, na fedha kidogo imo mikononi mwa watu. Huu ndio wakati ambao baba na mama wa nyumba hushuka Singida mjini, wakanunua vitambaa kwa ajili ya watoto wao. Leo nataka kusema habari za vitambaa hivyo: si namna ya kuvinunua, maana hilo mnalijua, ila namna ya kuvifanya viwe nguo kabla mtoto hajazihitaji.

Nitaanza na kosa la nyumbani mwangu mwenyewe, ili mtu asidhani kwamba nawafundisha wengine tu.

Mwaka juzi tulikuwa na binti aliyengoja kuingia darasa la kwanza. Mwezi wa Julai tuliuza alizeti, tukanunua kitambaa cheupe cha shati na cha buluu cha sketi. Mke wangu anajua kushona, na cherehani ya mkono tunayo, kwa hiyo hatukuona haja ya kumpelekea fundi. Kitambaa kikawekwa sandukuni, tukasema, "Kitashonwa siku ya nafasi."

Ndugu zangu, siku ya nafasi haikufika. Agosti palikuwa na arusi mbili. Septemba tulisiliba nyumba. Oktoba visima vya karibu vilikauka, maji yakawa mbali. Mwisho wa Novemba mvua ikanyesha, na ni nani ashikaye sindano wakati shamba linangoja jembe? Disemba wakaja wageni. Usiku wa mwisho kabla ya shule kufunguliwa, mama alikata na kushona mpaka jogoo wa kwanza. Mkono mmoja wa shati ulishonwa upande wa ndani ukawa nje, na sketi haikupata upindo. Ikafungwa kwa pini.

Mtoto akaenda. Saa saba akarudi, asije kula. Nilimkuta amejibanza nyuma ya kihenge, ameufunika mkono ule wa shati kwa kiganja chake ili usionekane. Asubuhi ya pili alisema tumbo linamwuma. Asubuhi ya tatu vilevile. Ndipo nilipokasirika, nikamwambia mke wangu kwamba miezi sita ilimtosha mtu kushona shati moja. Hakugombana nami. Alisema tu, "Mwalimu, hesabu mwenyewe. Katika miezi ile sita ni jioni ngapi ulirudi nyumbani bila mgeni? Na ni siku gani uliyoniuliza nimefika wapi?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole, na mkono mmoja haukujaa.

Basi tulikosea wote wawili, lakini kosa langu lilitangulia. Tulingoja siku nzima iliyo tupu, na nyumba yenye watoto haina siku tupu.

Wazee wetu hawakungoja hivyo. Kabla nguo za pamba hazijaenea huku, watu wa nchi hii walivaa ngozi, na ngozi haitengenezwi kwa siku moja. Huwambwa juani, hukwanguliwa, hupakwa mafuta, husuguliwa mpaka ilainike. Leo kidogo, kesho kidogo, katikati ya kazi za shamba na mifugo. Baadaye ikaja merikani, iliyopata jina hilo kwa sababu katika karne ya 19 ilitoka Marekani, ikashushwa Unguja, kisha ikapandishwa bara mabegani mwa wapagazi. Hata cherehani ina habari ya namna hii. Mmarekani Isaac Singer alipata hati ya cherehani yake mwaka 1851, walakini bei yake ilizidi mapato ya nyumba nyingi; ndipo katika miaka ile ile ya 1850 kampuni yake ikaanza kuiuza kwa malipo ya kidogo kidogo. Basi chombo chenyewe kiliingia nyumbani mwa watu kwa njia ya haba na haba. Kwa nini kazi yake isiende hivyo hivyo?

Mwaka jana mwezi wa Juni tulianza tena, kwa namna nyingine. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, kata nguo yote kwa siku moja. Kushona kunaweza kukatizwa mara kumi kusiharibike, lakini kukata hakutaki kukatizwa, maana anayeitwa akiwa na mkasi mkononi hukata mkono wa kushoto mara mbili. Kitambaa cha pamba kifuliwe kwanza na kuanikwa, kwa kuwa hurudi kikiingia majini mara ya kwanza. Kisha pima, piga chaki, ukate asubuhi ndani ya nyumba. Hapa kwetu upepo wa kiangazi hautakuachia kitambaa mkekani. Siku hiyo moja baba awachukue watoto, na chakula kipikwe na mtu mwingine. Ni siku moja tu katika mwaka, nani atakayeikataa?

Pili, igawe kazi. Shati la mtoto si kazi moja. Kuna mabega mawili, mikono miwili, mbavu mbili, kola, mfuko, upindo, na vifungo pamoja na matundu yake. Hizo ni kazi kumi. Anayeliangalia shati zima huchoka kabla hajatunga uzi. Anayeliangalia bega moja hulimaliza maharagwe yakiwa bado yanachemka. Bandu bandu huisha gogo.

Tatu, kazi itoke sandukuni ikae kikapuni. Humo tia vipande vilivyokatwa, uzi, sindano, mkasi, chaki na subana, ukitundike kikapu juu, mahali ambapo mkono wa mama hufika na wa mtoto haufiki. Nafasi ya robo saa ikipatikana, isiliwe na kutafuta sindano. Na unapoitwa, acha kazi mahali panapojulikana: mshono umalizike, na kipande kinachofuata kiwe kimeshikizwa tayari kwa bandi. Hivyo kesho mkono wako utajua pa kuanzia bila kufikiri.

Nne, maliza nguo moja kabla ya kuanza nyingine. Mashati matatu yasiyo na mikono hayamvishi mtoto hata mmoja.

Tano, kama huna cherehani, usikate tamaa. Bandi, pindo, vifungo na matundu yake vyote hushonwa vizuri kwa mkono. Weka pamoja mishono yote mirefu, uipeleke siku moja kwa jirani au kwa fundi. Lakini nenda Julai au Agosti. Mwenda kwa fundi mwanzo wa Januari hukuta nguo za watu zimejaa mpaka barazani.

Sita, shona kwa kufuata majira ya nchi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, tangu karibu na mwisho wa Novemba hata Aprili. Basi nguo mpya zishonwe kati ya Juni na Oktoba. Wakati wa kulima na kupalilia, tusimdai mama nguo mpya. Robo saa yake itosheke na viraka na vifungo vilivyokatika, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakati wa kulinda ndege kuna nafasi moja ndogo: kwelea huja hasa asubuhi na jioni, na jua likiwa kali hupumzika mitini. Mke wangu alipinda vitambaa viwili vya meza juu ya dungu katika saa hizo za mchana.

Saba, na hili nawaambia wanaume wenzangu. Robo saa ya mama haitoki mbinguni. Hutoka katika kazi ambayo mtu mwingine ameifanya. Kwetu sisi mimi huteka maji siku mbili kwa juma, na kijana wetu mkubwa huosha vyombo vya jioni. Tena amejifunza kutia vifungo. Wajomba zake walimcheka wakisema sindano ni ya wanawake. Nikawauliza, je, mafundi walioketi penye cherehani katika baraza za mjini, walio wengi ni wanaume au wanawake? Wakanyamaza.

Mnakumbuka habari za Dorkasi wa Yopa, jinsi wajane walivyosimama wakilia na kumwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Hatuambiwi kwamba mama yule hakuwa na maji ya kuteka wala wageni wa kupokea. Nguo zile zilikuwa nyingi, nami nadhani zilishonwa kama tunavyoshona sisi, bega moja leo na jingine kesho.

Sasa neno kwa ninyi walimu. Serikali iliondoa ada katika shule zake za msingi, na tangu Januari 2016 ikaiondoa katika sekondari pia hadi kidato cha nne. Lakini sare bado ni juu ya mzazi. Mtoto akija juma la kwanza na shati lenye bandi, au sketi isiyopindwa, tafadhali msimsimamishe mbele ya wenzake. Mwiteni mzazi, mseme naye faraghani. Mzazi ndiye aliyechelewa, wala si mtoto. Binti yetu alikosa siku nne za shule kwa ajili ya mkono mmoja wa shati, na herufi zilizofundishwa siku hizo alizitafuta mwaka mzima.

Mwaka huu mambo yalikuwaje? Shati la kwanza lilikwisha Agosti, la pili Septemba. Sketi ya malinda ilikwisha Oktoba, na upindo wake ni wa vidole vinne, ili ufumuliwe na kushushwa kadiri mtoto anavyokua. Januari alivaa mwenyewe kabla jua halijachomoza, akatoka bila kutuaga. Nilimwona njiani akitembea mikono yake yote miwili ikining'inia, wala hakuficha kitu.

Sketi ya pili haijaisha hata leo. Imo kikapuni, imebaki upindo peke yake. Nilipoanza kuandika barua hii mke wangu alinikumbusha kwamba leo zamu ya maji ni yangu. Basi naweka kalamu, nishike ndoo, naye ashike sindano.

Salamu kwa nyumba zenu zote.

Ndimi ndugu yenu, katekista.