SHA inalipia mashine ya mionzi, lakini nauli ya kila siku ni juu ya nani?

TUNAPOZUNGUMZIA saratani hapa Kenya, mjadala huwa ni wa mambo mawili: bili na mashine. SHA inalipa ngapi? Mashine ya mionzi iko wapi, na je, inafanya kazi? Ni maswali ya maana. Ila kuna la tatu ambalo kila familia iliyopitia tiba ya mionzi inalijua, na ambalo hulisikii kwenye hotuba za wanasiasa wala kwenye harambee: mgonjwa atafikaje hospitalini kesho, kesho kutwa, na siku zote zilizobaki?

Kwanza tuelewane jinsi tiba hii inavyofanya kazi. Radiotherapi si kama upasuaji ambao unafanyiwa siku moja ukamaliza. Dozi hugawanywa vipande vidogo vidogo, kwa kawaida Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa. Sababu ni kwamba seli za kawaida hupata nafasi ya kujirekebisha kati ya kikao na kikao, huku zile za saratani, ambazo hazijirekebishi vizuri, zikizidi kulemewa. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi, kwa mfano, mara nyingi hupewa vikao 25 hivi vya mionzi ya nje, kemotherapi mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani. Kila kikao cha mionzi ya nje huchukua kama robo saa tu, na hakiumi.

Yaani mtu anaweza kumaliza saa nne barabarani kwa ajili ya dakika 15 za mashine.

Sasa hapa ndipo mambo yanakuwa mazito. Siku ulizokosa haziishii hivyo tu. Kwa saratani kama ile ya mlango wa kizazi, au ya kichwa na shingo, tiba ikivuta kupita muda uliopangwa, seli zilizobaki hupata nafasi ya kuongezeka tena na uwezekano wa kupona unashuka. Ndiyo maana madaktari hulenga kumaliza tiba yote ya mlango wa kizazi ndani ya wiki 8. Kwa hivyo nauli si gharama ya pembeni. Nauli ni sehemu ya dawa.

Tufanye hesabu. Kwa viwango vya SHA vya 2024, kikao cha kawaida cha mionzi hulipiwa Sh3,600, hivyo vikao 25 ni Sh90,000. Hiyo ni hatua, tusikatae. Lakini nauli na malazi havimo. Sasa tuseme mgonjwa anatoka Kitengela au Juja, matatu ni Sh150 kila upande, na ana mtu wa kumsindikiza. Hiyo ni Sh600 kwa siku, Sh15,000 kwa siku 25, kabla ya boda, kabla ya chakula, kabla mvua haijanyesha na makanga kupandisha bei. Msindikizaji naye, kama anaishi kwa vibarua, kila siku ya hospitali ni siku bila mshahara. Serikali iko tayari kulipa Sh90,000 kwa tiba ambayo inaweza kuharibika kwa kukosa Sh15,000. Hesabu gani hiyo?

Na huyo ni wa karibu. Kwa miaka mingi, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa ya umma pekee yenye mionzi. Leo kuna pia Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na tiba hiyo inapatikana Eldoret, Nakuru, Mombasa na Garissa. Hayo ni mafanikio. Lakini kaunti ni 47. Kutoka Marsabit hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 500, na hakuna anayeweza kwenda na kurudi kila siku. Huyo anahitaji kitanda kwa wiki tano au zaidi, na mara nyingi ni sofa ya binamu huko Kayole au Githurai.

Hapo pia kuna uoga. Kuna watu hukataa kumpokea mgonjwa wakidhani atawaambukiza watoto mionzi. Si kweli. Mionzi ya nje haibaki mwilini. Mashine ikizimwa, imekwisha. Anaweza kubeba mtoto jioni hiyo hiyo.

Kinachobaki ni uchovu, unaozidi wiki zikisonga, na anayechomwa eneo la nyonga huweza kuendesha mara kwa mara. Fikiria hali hiyo ndani ya matatu iliyokwama Thika Road. Halafu fikiria Jumatatu ya Julai 7, 2025, Saba Saba, polisi walipofunga barabara za kuingia jijini. Jumatatu ni siku ya mionzi. Tulihesabu waliouawa na maduka yaliyoporwa, na ilikuwa lazima. Waliokosa vikao nani aliwahesabu?

Wengine wameliwaza hili. Uingereza kuna mpango wa kumrudishia mgonjwa wa kipato cha chini nauli ya kwenda hospitali. Marekani, shirika la American Cancer Society lina nyumba za Hope Lodge ambako wagonjwa wa mbali hulala bure. Hata sayansi inasaidia: utafiti wa FAST-Forward, uliochapishwa 2020, ulionyesha kuwa kwa baadhi ya wenye saratani ya matiti, vikao 5 vya wiki moja havikuwa duni kuliko 15 vya wiki tatu. Si kwa kila mtu, lakini vikao 10 pungufu ni safari 10 pungufu.

SHA na kaunti zinaweza kuanza na hosteli karibu na kila kituo cha mionzi, na nauli kwa wasiojiweza, inayotumwa kwa M-Pesa kikao kikithibitishwa. Teknolojia tunayo.

Na sisi vijana? Mara nyingi ndio tunaosindikiza, ndio tunaotuma "fare" usiku. Mama au mjomba akipangiwa mionzi, muulize daktari mapema: ni vikao vingapi, kuna mpango mfupi unaofaa, tunaweza kupewa saa ya katikati ya mchana foleni ikiwa imepungua? Muulize afisa wa ustawi wa jamii kuhusu malazi. Kwenye grupu ya familia, gawaneni siku, si pesa tu. Na harambee ikiitishwa, bajeti iwe na mstari wa nauli.

Kwa makadirio ya kimataifa ya 2022, zaidi ya Wakenya 44,000 hupatikana na saratani kila mwaka. Kununua mashine ni kazi nusu. Nusu ile nyingine ni kumfikisha mgonjwa mbele yake, kila siku, hadi siku ya mwisho.