Hakuna Solo Bila Besi

Wacha niseme, na nisemwe. Hili neno "solo" linawapoteza wasanii wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, na wengi wanaolieneza ni watu ambao hawajawahi kubeba hata spika moja kutoka kwa gari hadi jukwaani.

Hizo klipu mnazijua. Jamaa amekaa mbele ya simu anakwambia: achana na kundi lako, wanakuvuta chini, jenga jina lako. Mifano haikosi. Sauti Sol walipotangaza mapumziko 2023, na Bien akatoa albamu yake *Alusa Why Are You Topless?* mwaka huo huo, ikawa ushahidi: si umeona? Na wale wa zilizopendwa wana wao, Mbaraka Mwinshehe. Ati aliiacha Morogoro Jazz, akawa mkubwa kuliko bendi.

Ya Bien sina neno, ni mapema. Lakini Mbaraka msinitajie kwa hili. Kisa chake kinasema kinyume kabisa.

Tuanze na neno lenyewe. Kwenye muziki wa dansi wa Afrika Mashariki, solo ni kiti ndani ya bendi. Kuna gitaa la solo, kuna la ridhimu, kuna besi. Mpiga solo ndiye anayesikika juu, ndiye anayekufanya uinuke kwenye kiti, lakini anapita juu ya njia iliyochongwa na wenzake. Toa ridhimu, toa besi, toa ngoma, umebaki na mtu anayejaribu gitaa dukani. Mbaraka alikuwa mpiga solo kwa maana hiyo. Wazee wetu wakisema "solo" walikuwa wanataja kazi ya mtu mmoja kati ya wenzake. Sisi leo tunataja mtu aliyewafukuza wenzake.

Sasa kisa. Mbaraka, mzaliwa wa 1944, aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, kijana mdogo tu. Mji wa Morogoro wakati huo ulikuwa na moto, manake upande wa pili kulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na bendi hizo mbili zilikuwa zikishindana vibaya sana. Ushindani huo ndio uliomnoa. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilifika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70. Yani huyu alitoka kwenye bendi kubwa haswa.

Ilipofika 1973 akatoka. Na alipotoka alifanya nini? Alijifungia chumbani na gitaa lake? Alitangaza kwamba sasa ni yeye na jina lake? Ng'o. Aliunda bendi nyingine, Orchestra Super Volcano. Alitafuta tena waimbaji, wapiga gitaa, wapiga ngoma, wapuliza saksafoni. "Shida", ule wimbo ambao hadi leo ukipigwa kwenye matatu dereva anapunguza mwendo, ni wa Mbaraka *na* Super Volcano. Kwa hivyo mtu mnayemtoa kama mfano wa kwenda peke yake ni mtu ambaye kitu cha kwanza alichofanya alipokuwa huru ni kukataa kuwa peke yake.

Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari, na alifia hapa kwetu Mombasa. Baadaye sahani zake zikatolewa Kenya kwa mfululizo wa *Ukumbusho*, na mpaka leo ukitafuta nyimbo zake mtandaoni jina la kwanza ni Mbaraka. Sawa, anastahili. Sasa nitajie aliyepiga besi kwenye "Shida". Usifungue simu. Nitajie aliyepiga ridhimu. Umeiimba hiyo nyimbo maisha yako yote, umelia nayo, umeisikia kwenye harusi na kwenye matanga, lakini watu walioibeba huwajui hata kwa jina moja. Hivyo ndivyo hadithi ya "aliondoka akawa mkubwa" inavyofanya kazi. Inatengenezwa kwa kufuta majina.

Mnataka ushahidi mwingine, wa hapa hapa Kenya? Mwaka 1978, ndani ya Simba Wanyika ya ndugu Kinyonga, waliotoka hawakuwa nyota wa mbele. Walitoka Omari Shabani wa gitaa la ridhimu, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa ngoma. Watu wa nyuma! Wakaungana na akina John Ngereza, ikazaliwa Les Wanyika, na Les Wanyika ndiyo iliyotupa "Sina Makosa". Isikilize tena leo, lakini safari hii fuata ridhimu na besi. Hapo ndipo wimbo ulipo. Wale ambao klipu zenu zinawaita mzigo ndio walioondoka na nyumba yote.

Hata wa roki ni vile vile. Freddie Mercury, mtoto wa Unguja aliyezaliwa 1946, alitoa albamu yake ya peke yake, *Mr. Bad Guy*, Aprili 1985. Aliirekodi Munich, akiwa na wapigaji wengine, na bila kuiacha Queen. Miezi mitatu haikuisha, Julai 13, akapanda jukwaa la Live Aid pale Wembley pamoja na wenzake wale watatu. Kati ya hayo mawili, dunia inakumbuka lipi? Sauti ni ile ile, koo ni lile lile.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi mtu akae kwenye kundi akinyanyaswa. Kuondoka kuna haki yake. Zamani bendi nyingi zilikuwa za wenye vyombo. Mwenye gitaa na spika ndiye bosi, wewe ni kibarua wa kuimba. Nyingine zilikuwa za taasisi, kama NUTA Jazz, iliyokuwa ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki akitoka hapo kwenda kuanzisha chake, huyo namuunga mkono asubuhi na jioni. Na wale mashabiki wanaomwita msaliti kila anayeondoka, nanyi pia muache. Hamkuwa mkimlipia kodi ya nyumba.

Swali langu ni moja tu: umeondoka kwenda kujenga nini? Mbaraka aliondoka kwenda kujenga bendi. Shabani na wenzake pia. Wewe unaambiwa uondoke ubaki na nini, flashi?

Na hapa ndipo pesa zinapoingia. Nani anafaidika ukiwa solo? Si wewe. Ni yule promota na yule mwenye hoteli anayetaka burudani ya jioni kwa bei ya mtu mmoja. Ukienda na watu saba itabidi awalipe saba, awalishe saba, na mkikataa bei mnakataa mkiwa saba. Ukienda peke yako na flashi na maikrofoni, unapewa kilichopo, na ukinuna kuna mwenzako mlangoni na flashi yake. Usiku unapanda feri kurudi Likoni na hela isiyotosha, halafu unaambiwa hayo ndiyo maendeleo.

Na hasara si ya mfuko tu. Fikirieni bango. Huo ni muziki wetu wa bara hii, umetoka kwa Mzee Joseph Ngala wa Freretown na saksafoni yake, na jina lake limekaa mbele kama la Mbaraka. Lakini bango ni saksafoni ikijibizana na gitaa, na besi inayokunyanyua mabega bila ruhusa yako. Kijana anajifunza kuipiga kwa kusimama kando ya anayeijua, akikosea, akikaripiwa, akirudia. Bendi ndiyo darasa. Tukiendelea kupongeza kila anayevunja kundi, miaka kumi ijayo Kisauni itakuwa na waimbaji mia na hakuna wa kuwapigia. Tutabaki kununua midundo kwa watu wasioijua hata Freretown iko wapi.

Kwa hivyo nasema hivi kwa wasanii wangu. Ondoka ukitaka kuondoka. Lakini kabla hujaingia studio na wenzako wapya, kaeni chini mwandike kwenye karatasi: nani ametunga, nani amepiga nini, na pesa ikija inagawanywaje. Sajilini kazi KECOBO. Waliopiga ala wajue kwamba kuna PRISK kwa ajili ya haki zao, kwa sababu haki haziishii kwa mtunzi peke yake.

Na wewe unayepakia wimbo wako mpya wiki hii, usiandike jina lako na emoji za moto halafu basi. Andika jina la aliyepiga besi. Ni sekunde tano tu. Mpiga besi wa "Shida" hakuzipata.