Pembe haikujibeba

Ndugu mmoja ameandika kwamba akili mnemba ni chombo tu, kama jahazi: likizama, laumu nahodha. Mfano huo haufai. Hapa Bagamoyo jahazi huundwa ufukweni, machoni petu. Fundi tunamjua, na pamba inavyoshindiliwa kwenye nyufa za mbao tunaiona. Hii akili imeundwa na nani?

Januari 2023 jarida la Time lilifichua kwamba vijana wa Nairobi walipewa wasome maandishi ya ubakaji na mauaji ili ChatGPT ifundishwe kuyatambua, kwa ujira usiofika dola 2 kwa saa. Sisi hadithi hii si ngeni kwetu. Karne ya 19 wapagazi walileta pembe za ndovu hapa kutoka Tabora na Ujiji. Pembe zikaenda kuwa vibonye vya piano Marekani, mabega yakabaki na sugu.

Faida ya akili hii ipo, sikatai.

Basi ndugu yangu, nahodha mwache kwanza. Tuambie mpagazi wa leo analipwa ngapi.