Bakteria Aliyelowea: Uteuzi wa Neno katika Kiswahili cha Sayansi

Aghalabu mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi huishia kwenye orodha za istilahi. Istilahi zina umuhimu wake, lakini neno moja likiteuliwa ovyo laweza kupotosha nadharia nzima. Mfano mwafaka ni asili ya mitokondria, ambazo huipatia seli nishati, na kloroplasti, ambamo mimea hufanyia usanisinuru.

Mnamo mwaka wa 1967, mwanabiolojia wa Marekani, Lynn Margulis, alichapisha makala yaliyoshikilia kwamba viungo hivyo vilitokana na bakteria huru walioingia ndani ya seli nyingine. Mrusi Konstantin Mereschkowsky alikuwa amedai vivyo hivyo kuhusu kloroplasti mwaka wa 1905, akapuuzwa. Margulis naye alibezwa, ila ushahidi uliwasuta waliombeza. Mitokondria ina DNA yake yenyewe, iliyo aghalabu na umbo la duara kama ya bakteria. Hugawanyika kama bakteria. Nayo kloroplasti ina nasaba moja na sayanobakteria.

Je, bakteria huyo wa kale aitweje kwa Kiswahili? Akiitwa mgeni, msomaji atadhani alikaribishwa. Akiitwa mateka, atadhani alimezwa awe chakula, akanusurika. Akiitwa mvamizi, atadhani aliingia kama kimelea. Kila jina latoa hukumu kuhusu namna alivyoingia, jambo ambalo wanasayansi wangali wanalijadili.

Yaliyofuata ndiyo yasiyo na ubishi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bakteria huyu alipewa jembe, naye amelima kwa zaidi ya miaka bilioni moja. Katika muda huo jeni zake nyingi zilipotea au zikahamia kwenye kiini cha seli, hata mitokondria ya binadamu ikasaliwa na jeni 37 tu. Leo haiwezi kuishi peke yake nje ya seli, wala binadamu hawezi kuishi bila yake.

Kwa mintarafu hiyo, kitenzi kinachostahili ni kulowea. Kulowea ni kuhamia mahali na kufanya makao ya kudumu. Hakisemi iwapo mhamiaji aliitwa au alijipenyeza. Chasema tu kwamba hakurudi. Nomino mlowezi, kwa upande mwingine, yafaa kuepukwa, kwani nchini Kenya ingali na kumbukumbu ya ardhi iliyonyakuliwa na wakoloni.

Huenda wakosoaji wakasema kwamba huku ni kucheza na maneno. La hasha! Mwanafunzi anayesoma biolojia kwa Kiswahili huiona seli kupitia kitenzi alichopewa. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawana budi, basi, kuielewa sayansi yenyewe kabla ya kuibunia majina. Mfasiri asiyejua kilichotokea ndani ya seli hawezi kuchagua kati ya kukaribishwa, kutekwa na kulowea.