Serveri yetu, funguo tatu



Ripoti ambazo wananchi wanatutumia, zinalala wapi? Mama anatuandikia juu ya makuta aliyolipishwa ku bariyeri bila kupewa karatasi. Mwanafunzi anatuma picha ya bomba la kartiye ambalo halitoi maji. Mwingine anatupa jina la kaka yake aliyekamatwa usiku. Leo sehemu kubwa ya hayo yote inalala mu simu za watu, ndani ya magrupu ya WhatsApp. Simu ikinyang'anywa, majina ya mashahidi yanaenda nayo. Mwenye simu akihama, kumbukumbu ya kartiye nzima inahama naye.

Msimamo wetu ni huu: harakati za vijana zinapaswa kuwa na nyumba yao ku intaneti. Yaani programu yetu wenyewe, juu ya serveri tunayolipa wenyewe kwa mchango wetu. Lakini tuseme na hili palepale: serveri isiyochungwa ni hatari kuliko grupu ya WhatsApp, juu inakusanya majina yote pahali pamoja. Njo maana tunataka tuongee masharti kabla ya kulipa hata dola moja.

Kwanza tuelewane juu ya hiyo klaudi. Haiko mawinguni. Ni jengo lenye mashine, umeme na feni, mara nyingi Ulaya, Marekani ao Afrika Kusini. Kampuni inagawa mashine moja kubwa kuwa vipande, na kila kipande kinajifanya kama ordinatere kamili. Kipande hicho njo wanaita VPS. Chenye memori ya giga 2 kinatosha kwa programu ndogo ya kukusanya ripoti, na bei yake mara nyingi ni dola chache kwa mwezi. Watu wakichanga dola moja moja, bei inafika.

Na kwa sababu ni jengo, linaweza kuungua. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la serveri za kampuni OVH kule Strasbourg, Ufaransa. Wateja ambao kopi zao za akiba zilikuwa palepale walipoteza kazi yao yote. Tukumbuke hilo kila mara mtu anapotuambia: «Weka ku klaudi, hakuna shida.»

Programu hatuhitaji kuitunga toka sifuri. Mwaka 2008, kisha fujo za uchaguzi wa Kenya, vijana wa kule walitengeneza Ushahidi: mwananchi anatuma ripoti, na ripoti inaonekana ku karte. Mwaka huohuo ilitumiwa pia kufuata vita huku Kivu. Ni programu huria: kila mtu anaweza kuichukua na kuiweka ku serveri yake. Kuna na Nextcloud, kwa wale wanaotaka tu pahali pa kuweka dokima na picha bila kuzikabizi kwa kampuni kubwa.

Kazi ya kuiweka si uchawi, lakini ina utaratibu. Unakodi mashine, unaweka Debian ao Ubuntu LTS, yaani Linux inayopata marekebisho ya usalama kwa miaka. Mlango wa wasimamizi unafunguliwa kwa ufunguo wa SSH tu. Kuingia kwa neno la siri kunazimwa. Sababu ni rahisi: mashine ikishapata adresi yake, ndani ya masaa machache maroboti toka dunia nzima yanaanza kujaribu maneno ya siri, hata kama hakuna anayekujua. Kisha unafunga milango yote, unabakiza tatu: 22 ya wasimamizi, 80 na 443 za wageni. Hifadhidata isionekane kabisa toka inje.

Halafu jina la tovuti linaelekezwa ku adresi ya serveri, na unaomba cheti cha HTTPS ili ripoti isisomwe njiani. Let's Encrypt wanakitoa bure. Kinadumu muda mfupi tu, kwa hiyo mashine yenyewe inapaswa kupangwa ikifanye upya kila mara. Na marekebisho ya usalama yaingie bila kungoja mtu akumbuke. Tovuti nyingi za mashirika zinavunjwa paka kwa njia hiyo: zilifunguliwa kwa shangwe, kisha hakuna aliyegusa kitu mwaka mzima.

Sasa tufike ku roho ya mambo. Mama zetu wa AVEC wanajua kitu ambacho mainjinia wengi wanasahau. Kisanduku chao cha akiba kina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu. Hakuna anayefungua peke yake. Serveri ya harakati inahitaji akili ileile. Kama neno la siri liko kwa kamarade mmoja, siku anakamatwa, anagonjwa ao anakasirika, harakati nzima inabaki inje ya mlango wake yenyewe.

Kwa hiyo masharti yetu ni haya:

Moja. Akaunti ya kukodi na jina la tovuti viandikwe kwa anwani ya pamoja, si ya mtu. Malipo yasitegemee karte ya ndugu mmoja wa diaspora. Karte yake ikiisha muda, nyumba inafungwa.

Mbili. Watu watatu wawe na funguo, kila mmoja wake. Simu ao ordinatere ya mmoja ikichukuliwa, ufunguo wake unafutwa siku ileile, na wawili wanaendelea na kazi.

Tatu. Kopi ya akiba itoke kila usiku, ifungwe kwa siri, ilale ku kampuni nyingine na mu inchi nyingine. Anayeshika serveri asiwe na uwezo wa kufuta kopi. Na mara moja kwa mwezi tujaribu kuirudisha. Kopi ambayo haijajaribiwa ni ahadi tu.

Ine. Tusikusanye tusichohitaji. Ripoti ya maji haihitaji jina la mtu. Picha zinaweza kubeba ndani yake pahali na saa zilipopigwa. Hizo zifutwe kabla ya kutangaza. Serveri yenyewe inaandika adresi ya kila aliyeitembelea. Hiyo nayo ifutwe haraka. Kile ambacho hatuna, hakuna atakayetunyang'anya.

Tusidanganyane kuhusu mipaka. Kampuni inayotukodisha iko chini ya sheria za inchi yake, na mashine ni yake. Tena serveri haishindi mkono unaokata intaneti. Hapa Congo walikata Januari 2015, wakakata Desemba 2017, wakakata tena tarehe 31 Desemba 2018, kisha kura, kwa karibu siku 20. Siku kama hizo serveri ya mbali inachunga tulichokwisha kutuma, na walio inje wanaendelea kukisoma. Lakini ripoti mupya hazipiti. Daftari na kalamu zibaki mu mfuko, na kila selile ijue nani anaandika.

Serikali nayo tunaikumbusha neno lake. Ordonansi-sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ile ya Code du numérique, inazungumzia ulinzi wa habari za watu binafsi. Haiwezi kuwa sheria ya kutisha vijana wanaoandika tu. Ilinde pia mama aliyesema ukweli juu ya bariyeri. Na sisi inatudai vilevile: anayekusanya majina ya watu amebeba deni.

Tunaomba kila selile ichague watu wawili wa kujifunza kazi hii, na angalau mmoja awe dada. Hawahitaji diploma ya informatike. Wanahitaji uvumilivu, ordinatere moja, mega za kutosha, na tabia ya kuandika kila wanachofanya ili wengine waweze kukirudia. Serveri ya majaribio, isiyo na jina hata moja la mwananchi, njo mwanzo. Tukiichunga miezi mitatu bila kuanguka, na kopi ikarudi vizuri, hapo tutawaambia wananchi: tumeni.

Mtu akikupa ushahidi wake, amekupa usalama wake. Tuuchunge kwa kufuli tatu.

Tuko pamoja.